Samaki wa Maji Baridi

Nianze na samaki, maana nikianza na mwenye samaki kalamu itanigomea.

Alikuwa kambare, urefu wake kutoka begani kwangu hadi ncha za vidole, mweusi mgongoni, tumbo jeupe, na masharubu manane yaliyokuwa yakipanda na kushuka kila alipovuta maji. Aliingia Dar es Salaam kwa treni ya bara, ndani ya gunia bichi lililojazwa majani, na nauli hakulipa. Wapo wengi walioingia mji huu kwa namna hiyo, lakini yeye peke yake ndiye aliyejengewa nyumba ya vioo.

Mwenye samaki aliitwa Ignasi. Yeye Mnyamwezi, mimi Mwanamkuu ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo tulikuwa watani. Wajukuu zangu wanadhani utani ni kuchekana tu. Kwa utani wetu sisi, mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Ukifiwa anakuja matangani, anakamata kitu cha marehemu, kofia au jembe, anakaa nacho mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku. Wengine wanalia, yeye anasema maneno ya kuchekesha, na asipoyasema wenye msiba wanaona wamedharauliwa. Na lolote asemalo mtani halihesabiwi. Ni kama mtu aliyeongea usingizini.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, vyumba sita, bomba moja uani, choo kimoja, na foleni mbili. Mwaka ni themanini na tatu. Maduka yalikuwa na makabati, yalikuwa na wauzaji, yalikuwa na bei ubaoni, kilichokosekana ni bidhaa tu. Mimi nilikuwa nauza chupa na makopo matupu sokoni, na nadhani ndiyo biashara pekee iliyostawi mwaka ule, kwa sababu utupu ulikuwepo wa kutosha.

Ignasi alikuwa fundi vioo. Alianza kukata vioo Kariakoo nikiwa bado msichana, na kazi yake niliwahi kuiona kwa macho: anaweka rula, anapitisha almasi mara moja tu, haipiti mara ya pili, anagonga kidogo kwa chini, kioo kinaachana kama mkate. Almasi ndilo jina mafundi wanaloipa ile kalamu yao ya kukatia. Alikuwa akiitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, pale wengine wanapoweka kitambulisho. Halafu vioo vikaisha mjini. Miezi minane hakikuingia hata cha kutosha fremu ya picha. Akawa anakwenda kibandani kwake asubuhi, anakaa, jioni anarudi, na almasi yake mfukoni.

Ndipo ikaja Nguvu Kazi. Asiye na kazi mjini aandikwe, arudishwe kwao akalime. Mimi nilikuwa na kadi ya ushirika wa akina mama, nikapona. Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, akapita na daftari lake la shule chumba kwa chumba. Alikuwa mtu mzima mwenye masharubu makubwa na aibu nyingi, na ile kazi ya kuandika wenzake ilikuwa inamtoa jasho. Akafika kwa Ignasi.

"Kazi yako nini, ndugu?"

"Fundi vioo. Unanijua miaka ishirini, Shomari."

"Nakujua. Vioo viko wapi?"

"Vimeisha."

"Sasa nikuandike nini? Wakija wakakuta nimekuandika fundi wa kitu kisichokuwepo, mimi na wewe tunapanda treni moja. Kwenu wapi?"

Nilikuwa karibu naosha chupa, nikasema, "Mwandike mpagazi, balozi. Ni Mnyamwezi huyo, mizigo haijaisha mjini."

Shomari akacheka. Ignasi hakucheka, na hapo nikajua mambo yameharibika.

"Kwetu kulihamishwa," akasema. "Nyumba ya mama ilikuwa kwenye kona ya mto Ugalla. Mwaka sabini na nne wakakusanywa wote kijiji kipya, mimi nilikuwa huku. Pale pa zamani ni pori. Hapo papya sijawahi kukanyaga, nikishuka kwenye treni sijui nielekee mkono gani. Mke wangu Josepha nimemzika Kinondoni. Mimi kwetu ni makaburini pale, Shomari. Utaandika Kinondoni?"

Shomari akafunga daftari. Akasema atamsubiri mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, akipata karatasi ya kazi jina lake halitaandikwa.

Na karatasi ya kazi ilikuwepo. Ofisi moja ya mambo ya samaki ilikuwa inaandaa ukumbi wa kuwaonyesha wananchi samaki wa mito na maziwa yetu, na walikuwa wanatafuta mtu wa kujenga matangi ya vioo na kuyatunza. Ignasi alipeleka maombi. Jibu lilipokuja akalibandika mlangoni kwake kwa ndani, pale anapolala analiona. Nami nikalisoma. Nina darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule si hili la sasa, nikalisoma lote bila kupumzika: "Afisa atafika Jumatatu saa nne asubuhi kukagua tangi la mfano, lenye samaki mkubwa wa maji baridi, mla samaki wenzake, pamoja na mimea hai." Ikampendeza sana Ignasi kunisikia. Akasema, "Kumbe Wazaramo mnafundishika."

Vioo akavipata Upanga, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Kabati lake la mbele lilikuwa limekaa mwaka mzima likionyesha ukuta. Ignasi akamrekebishia madirisha yote ya nyumbani, akapewa vile vioo vinne vinene. Jirani wa kuchomelea akampa fremu ya chuma. Viungo akavijaza lami, na juu ya lami ule udongo mweupe wa kubandikia vioo, kopo la mwisho alilokuwa amelificha chini ya kitanda kama mtu anayeficha sukari.

Siku alipoanza mpango wenyewe alichukua chaki akachora kwenye sakafu ya uani. Hakuchora mfano mdogo, alichora ukubwa uleule, kila kitu mahali pake, mpaka tukawa tunaruka mistari kwenda chooni.

"Hapa katikati mbona umeacha pori?" nikamuuliza.

"Hapo sipandi kitu. Samaki mkubwa hataki kubanwa, mtani, anataka pa kugeukia. Ukimpanga kama tulivyopangwa sisi humu ndani atajigonga mpaka afe."

"Na hizi duara?"

"Makopo yako. Nataka kumi."

Nikampa kumi na mawili. Mayungiyungi aliyatoa bondeni Jangwani, kila shina kopo lake, chini udongo wa mfinyanzi, juu kokoto nzito, kwa sababu kambare anachimba, na mmea usioshikizwa utaukuta asubuhi unaelea. Nyuma akapanda matete. Kona ya kushoto akalaza gogo lenye tundu, na juu ya gogo akafunga kwa uzi vile vijani vinavyoota kwenye mawe yenye maji, maana vile havihitaji udongo, havina mizizi ya kung'olewa. Juu wavu, na juu ya wavu jiwe, samaki wa namna ile anaruka. Maji nayo hayakutiwa hivihivi. Ya bomba yana dawa, akasema, lazima yalale siku mbili kwenye pipa dawa itoke. Watu kumi na saba tunagombania bomba moja linalotoa maji kwa kukohoa, na Mnyamwezi anayalaza maji kama mgeni aliyetoka safari.

"Na kona hii mbona umeipinda?" nikauliza. "Tangi si la mraba?"

Akaitazama ile chaki. "Mto unapinda hivyo. Hapa ndipo mama alipokuwa anachota maji, gogo liko hapa, kambare wanalala chini yake. Sijui kuchora kingine."

Nikamwambia mama yake lazima alikuwa na miguu mikubwa.

Kambare akaletwa na Vitalis, mfanyakazi wa treni, rafiki yake Ignasi. Nikamwita Balozi, kwa sababu ya masharubu, na kwa sababu chochote kilichotiwa mle ndani kilikuwa mali yake. Ignasi alimtilia perege wawili wadogo usiku, asubuhi tukakuta gamba moja. Nikasema wamehamishiwa kijiji kipya. Kila nikiamka nilikuwa napita pale nasema, "Shikamoo Balozi," naye anafungua mdomo. Shomari akasikia.

"Mwanamkuu, nasikia mmempa jina langu mla watu."

"Mla samaki wenzake, mzee. Watu bado."

Akainama, akamtazama samaki muda mrefu. Balozi na Balozi. "Hata hafanani na mimi," akasema, na akaondoka akijishika masharubu.

Utani wangu na Ignasi siku zile ulizidi, kwa sababu nilikuwa nimeona alivyokuwa anacheka. Tangu amzike Josepha hakuwa akicheka vile. Siku moja alipokwenda kibandani nilichukua kichwa cha kambare mwingine wa sokoni, nikakipika, na lile tangi nikalifunika kwa kanga. Aliporudi nikamwambia kwa uso wa msiba, "Mtani, Balozi amefariki. Nimempika asiharibike." Aliifunua sufuria kwanza. Halafu akaifunua kanga. Balozi yuko chini ya gogo lake, amelala. Ignasi akakaa chini kwenye mistari ya chaki, akacheka mpaka machozi. "Mzaramo wewe," akasema, "ulinyonyeshwa uongo, maziwa yalikuwa hayatoki." Nikafurahi wiki nzima.

Sasa ile Jumapili.

Afisa anakuja kesho. Tangi limekamilika, mayungiyungi yametoa ua moja jeupe, Balozi anapita katikati pale palipoachwa wazi, anageuka, anarudi. Wapangaji wengine walikuwa wametoka, Jumapili kila mtu ana pa kwenda kwa ndugu. Ignasi alitaka matete machache zaidi ya upande wa nyuma, akashika njia ya Jangwani. Alikuwa amefunga gunia juu ya tangi, kwenye ukingo wa paa, limekunjwa kama pazia.

"Kazi yako ni moja," akaniambia. "Saa sita, jua likipanda, ushushe gunia. Basi. Usimguse, usimlishe, usimhubirie."

"Nikishusha nipewe nini?"

"Utapewa kesho. Kesho nikiwa mfanyakazi wa serikali nitakuajiri uwe unasalimia samaki."

Saa sita sikushusha. Alikuja mteja wa chupa, mwanamke wa Ilala, mpenda maneno kama mimi, tukakaa barazani tukamaliza watu wote wa mtaa. Nilipokumbuka ilikuwa saa nane. Vuli ilikuwa imechelewa mwaka ule na jua lilikuwa la kuchoma. Nikakimbilia uani. Kioo cha mbele kilikuwa cha moto, huwezi kuweka kiganja. Nikatia mkono ndani: vuguvugu, kama maji ya kumkanda mzazi. Balozi alikuwa amepanda juu, anavuta hewa.

Nikaingia chumbani kwa Ignasi, nikaisoma tena ile barua mlangoni. Samaki mkubwa wa maji baridi.

Sisi watu wa pwani tuna maji ya chumvi na tuna maji matamu. Maji baridi ni yale ya mtungini. Siku zote zile nimelisoma lile neno kwa kiburi changu cha darasa la nne, na hakuna siku iliyonijia kuuliza. Nikajua tu kwamba kesho saa nne afisa atatia mkono kwenye tangi, atakuta chai, na Ignasi atapanda treni. Na kosa ni langu, kwa sababu ya gunia.

Nikashusha gunia. Nikabeba makopo yangu manne makubwa ya mafuta, mazima, yasiyo na kutu, nikaenda Feri, soko la samaki, kwa watu wa barafu. Walinibadilishia kwa bonge moja, limefungwa kwenye pumba za mbao na kiroba. Nikamshawishi mwenye mkokoteni kwa maneno matupu, na tukalifikisha nyumbani bado kubwa kuliko kichwa cha mtu. Nikalisafisha pumba. Nilikuwa mwangalifu, jamani. Sikulitupa. Sikutaka kumgonga Balozi wala kuvunja yungiyungi, nikalishusha taratibu kwa mikono miwili kona ya kulia, likaegemea kioo cha mbele, pale ambapo hapakuwa na mmea. Nikasimama nikajisifu. Ukungu ukaanza kushika kioo kwa nje. Balozi akashuka chini. Nikasema, haya, sasa ni maji baridi.

Mlio ulikuwa mdogo. Kama mtu kavunja ukuni mkavu.

Ufa ulitoka kwenye ile kona, ukapanda ukipinda, ukafika upande wa pili, halafu kioo kikafunguka na maji yote yaliyolala siku mbili yakaamka kwa pamoja. Yalinichukua miguu. Makopo yakabingirika, matete yakanipitia, na Balozi akawa kwenye saruji, anatembea kwa mapezi yake, taratibu, kama mtu anayejua aendako, kuelekea mferejini. Nikamkumbatia na kanga yangu, nikamtia kwenye karai. Kambare hafi kirahisi. Angekufa labda ningeaminiwa.

Bonge la barafu lilikuwa limepasuka vipande vipande juu ya ile saruji ya moto. Sikuliangalia. Nilikuwa nakusanya vioo.

Ignasi alirudi saa kumi na moja, mzigo wa matete kichwani, maji yanamdondokea shingoni. Uani palikuwa pameshakauka. Alisimama. Akautua mzigo polepole, kama anaogopa kuuamsha. Akapiga magoti, akaokota kipande kikubwa cha kioo cha mbele, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wake, akarudia, akakisogeza kwenye mwanga.

"Ufa umeanzia ukingoni," akasema.

"Mtani," nikasema, "ni mimi."

"Ukingo nimeukata mimi. Kutakuwa na kijino mahali, sikukiona. Macho. Au mkono." Akaufungua mkono wa kulia akautazama.

"Ignasi, nisikilize. Nimetia barafu."

Akainua kichwa. "Barafu."

"Bonge la barafu, nimelitoa Feri. Nimesahau gunia, maji yakapata moto. Barua inasema samaki wa maji baridi."

Alinitazama hivi, na ule uso ukaanza kufunguka, nikaona kabisa anacheka, kicheko kinatoka tumboni, akakaa chini kwenye chaki iliyofutika na kioo bado mkononi. "Samaki wa maji baridi," akasema. "Kwa hiyo ukamtilia barafu. Maji baridi ni maji ya mtoni, mtani, maji yasiyo na chumvi. Nani asiyejua hilo?"

"Mimi sikujua."

"Unajua. Umeona nataka kulia, ukatafuta cha kunichekesha." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Ahsante."

"Naapa, Ignasi."

"Haya, nionyeshe hilo bonge."

Nikageuka. Saruji ilikuwa nyeupe, kavu. Hata pumba za mbao sikuziona, maji yalikuwa yamezichukua mferejini. Na mimi uso wangu ulivyoumbwa, hata nikilia mtu anadhani kuna kichekesho kinakuja.

Jumatatu saa nne afisa akafika, mama mmoja mpole aitwaye Candida, ana kalamu na ubao wa kuandikia. Ignasi alikuwa amevaa koti. Alikuwa amechora upya mpango wote kwa chaki, akampitisha: hapa matete, hapa gogo, hapa wazi pa kugeukia, mimea hii ya kwenye makopo, ile ya kufungwa kwa uzi, maji yalale siku mbili. Fremu imesimama na vioo vitatu. Balozi yuko ndani ya karai, amejikunja, mkia unamzidi. Bi Candida alichuchumaa na sketi yake ya ofisini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "nimekagua sehemu nyingine mbili, hakuna aliyepanga namna hii. Lakini nimetumwa kukagua tangi. Hiki kioo cha mbele kilikuwaje?"

"Nilikikata vibaya."

"Si yeye," nikasema. "Mama, ni mimi. Nilitia barafu kwenye maji ya moto, kikapasuka."

Bi Candida akanitazama, akamtazama Ignasi.

"Umsamehe," Ignasi akamwambia. "Ni mtani wangu. Mzaramo."

"Aa," akasema yule mama, akatabasamu kwa heshima, na akaandika. Niliiona kalamu ikienda. Haikuandika barafu.

"Nipe wiki mbili," Ignasi akasema.

"Wiki mbili nakupa, mzee wangu. Kioo utakitoa wapi?"

Kioo kinene cha upana ule kilikuwa hakipo mjini, na Ignasi alijua kuliko sisi wote. Wiki mbili zikaisha, na mwezi wa kumi na moja ukaisha. Shomari alipokuja na daftari hakukaa. Aliandika amesimama, na alipomaliza akaniomba maji ya kunywa, na kikombe alichonirudishia kilikuwa bado kimejaa.

Nilimsindikiza Ignasi stesheni asubuhi. Vitalis alikuwa mlangoni mwa behewa, akapokea gunia bichi. Ignasi alikuwa amelijaza majani ya yungiyungi kutoka kwenye makopo yangu.

"Naye anarudishwa?" Vitalis akauliza.

"Hana kitambulisho," nikasema.

Ignasi akacheka. Akaweka mkono juu ya gunia, likatikisika kidogo. "Huyu afadhali," akasema. "Mto haukuhamishwa."

Nilitaka kumwambia tena. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, niyaseme polepole, bila mzaha, jina lake kwanza. Nikafungua mdomo, naye akaninyooshea kidole kabla sijasema neno, akaanza kucheka. "Usinitie barafu," akasema. Treni ikaondoka.

Nikamwandikia. Kurasa mbili, herufi za kuunganisha kama tulivyofundishwa, na mwisho nikaandika: Haya siyo utani. Jibu likaja na Vitalis baada ya miezi mitatu. Alisema amefika, kijiji kina nyumba zilizopangwa mistari, dada yake Angelina amempokea. Balozi amemrudisha kwenye kona ya mto, alikwenda mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kuhusu vioo alisema ameacha, mkono wake hauamini tena. Halafu chini kabisa: "Mtani, hata kwa barua huachi. Nimecheka peke yangu mpaka Angelina akaja kuniangalia."

Niliiweka. Sikuandika nyingine. Ningeandika nini?

Alikufa mwaka themanini na tano, homa ya siku nne. Vitalis akaniletea habari, na yeye ndiye aliyenipandisha treni. Tulibadili behewa Kaliua. Nilifika matanga yakiwa siku ya tatu, na waliposikia mtani wa pwani amekuja wakanipisha njia. Mimi nikaingia chumbani kwa marehemu kama desturi inavyotaka, nikafungua kisanduku chake. Almasi ilikuwa juu kabisa, imefungwa kitambaa. Nikaitoa nje nikaishika juu.

"Mzigo wa mpagazi huu," nikasema. "Naondoka nao."

Wakacheka. Wakaleta kuku, nikakataa. Wakaleta jogoo, nikakataa. Halafu nikaona hapa ndipo, watu wote wake wapo, nikawaambia. Niliwaambia kila kitu, gunia, mteja wa chupa, barua, bonge la barafu. Nikasema mkono wa ndugu yenu haukuwa na kosa, kata yake ilinyooka, kioo kilipasuliwa na mjinga mmoja wa darasa la nne aliyedhani samaki wa maji baridi ni samaki wa barafu.

Walianza wanaume waliokaa pembeni, halafu wanawake. Watu waliokuwa wamelia siku tatu wakashikana mabega wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Huyu ndiye mtani." Angelina alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na chini ya kanga sikujua tena anafanya nini.

Baadaye akaja nilipokaa. Akasema, "Hiyo almasi chukua tu. Hakuigusa. Padri alimletea kioo kizuri cha dirisha la chumbani kwake, kimeegemezwa nyuma ya mlango mpaka leo. Kila tukimwambia akikate anasema mkono umekufa. Amelala miaka miwili na gunia dirishani."

Nikaingia tena mle chumbani. Kioo kilikuwepo nyuma ya mlango, kizima, kimeshika vumbi. Dirisha lilikuwa juu ya kitanda, na gunia lake lilikuwa limekunjwa kwa juu, limefungwa kamba, kwa fundo lake lilelile. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye mto alipokuwa akilaza kichwa. Nikauliza saa. Mtu akasema inakaribia saa sita.

Nikafungua lile fundo, nikalishusha gunia taratibu mpaka chini.